Nipe Mji: Hoja Dhidi ya Miongozo

Kila anayefundisha Kiswahili anaijua sheria ya kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Fumbo likishategwa, wasikilizaji hulihangaikia: mmoja hujaribu, wa pili hukosea, wa tatu huchekwa. Wakishindwa wote, jibu halitolewi bure. Sharti mtegaji apewe mji, aende akautembelee kwa maneno, aeleze alivyokaribishwa huko, ndipo alifumbue fumbo lake. Wazee walioiweka sheria hii walijua jambo ambalo sisi walimu tumeanza kulisahau, nalo ni kwamba jibu likilitangulia jaribio huwa halina kazi. Anayelipokea hana swali la kulijibu.

Makala haya yanawapinga wagawaji wa majibu yasiyolipiwa mji. Nao wako mahali pawili ambapo mtu hatarajii kuona pakitajwa pamoja. Pa kwanza ni katika michezo ya video, ile mirefu yenye hadithi, inayowakesha vijana na hata watu wazima. Pa pili ni katika madarasa yetu ya fasihi. Nadai kwamba mchezaji anayefungua mwongozo kabla ya kuchagua njia, na mwanafunzi anayesoma mwongozo wa riwaya badala ya riwaya yenyewe, ni mtu yule yule. Nadai pia kwamba sisi tunaomcheka wa kwanza ndio tuliomlea wa pili.

Najua wako wasomaji watakaouliza michezo ya video inatafuta nini katika jarida la walimu wa Kiswahili. Kwao mchezo wa video ni bunduki, kelele na macho mekundu. Ipo michezo ya namna hiyo, wala siitetei. Lakini mwalimu wa fasihi akichukizwa na riwaya moja mbovu hasemi kwamba riwaya zote ni upuuzi. Basi nitautaja mchezo mmoja kwa jina, ili tujadili kitu kinachoweza kuchunguzwa. Nao ni The Witcher 3: Wild Hunt, uliotolewa Mei 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland. Asili yake ni vitabu vya Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Kipolandi, ambaye hadithi yake ya kwanza juu ya shujaa huyu ilichapishwa mwaka 1986 katika jarida la Fantastyka. Wenyewe Wapolandi hawauonei haya urithi huu. Mwaka 2011 Waziri Mkuu wao, Donald Tusk, alipompokea Rais Barack Obama wa Marekani, mojawapo ya zawadi alizompa ilikuwa mchezo wa pili katika mfululizo huo. Kufikia mwaka 2023 ilitangazwa kwamba huu wa tatu umekwisha kuuzwa zaidi ya nakala milioni 50. Niongeze kwamba ni mchezo wa watu wazima, na huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18. Katika makala haya sizungumzii watoto.

Shujaa wa mchezo huu ni Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa ujira. Anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama binti yake, ambaye anafukuzwa na kundi la wapanda farasi wa kutisha. Nchi iko vitani. Mchezaji anaweza kufuata nyayo za Ciri moja kwa moja, au anaweza kuiacha njia kuu akaingia vijijini, akasoma ubao ambapo wanakijiji wamebandika shida zao, akajua kwamba kisima cha mahali fulani hakitekeki maji kwa sababu ya mzuka wa mwanamke anayetokea jua la utosi. Mzuka huyo hakubuniwa na wahandisi; ni wa imani za kale za Waslavi. Kisa kikuu peke yake humchukua mchezaji wa kawaida saa 50 hivi, na anayeingia katika kila njia ya panya hupita saa 100. Huo ni muda wa kusoma riwaya nyingi. Ndiyo maana inafaa kuuliza mtu anapata nini humo, na anapoteza nini akiupitia mchezo huo akiwa ameshikwa mkono.

Nitatoa kisa kimoja kinachokumbukwa sana na wachezaji. Katika jimbo la Velen, lililoachwa ukiwa kati ya majeshi mawili, anatawala mtu aitwaye Philip Strenger, ambaye watu humwita Baroni. Mkewe Anna na binti yake Tamara wametoweka. Baroni anazo habari za Ciri, lakini hazitoi zote mpaka Geralt amtafutie jamaa zake. Mchezaji huianza kazi hiyo akimwonea huruma baba aliyepotelewa na watu wake. Kisha mambo yanafunuka kidogo kidogo. Baroni ni mlevi. Alikuwa na desturi ya kumpiga mkewe. Usiku mmoja ugomvi wao uliishia mke kuharibu mimba, na kijusi kikafukiwa bila jina wala heshima ya maiti. Kwa imani za huko, kichanga aliyezikwa hivyo hugeuka zimwi, na kweli zimwi linatokea usiku. Geralt anaweza kuliua kwa upanga. Anaweza pia kumlazimisha Baroni alibebe mikononi mwake hadi nyumbani, ampe mwanawe jina, amzike chini ya kizingiti. Mchezaji aliyekuwa akimhurumia Baroni, kisha akamchukia, sasa anamwona akitembea gizani na matokeo ya matendo yake kifuani mwake, naye hajui tena amhesabu vipi.

Anna naye anapatikana kinamasini, akiwalea yatima walio chini ya vikongwe watatu, wachawi wa kale wanaoogopwa na kuabudiwa na wanakijiji. Karibu na hapo, chini ya mti mkubwa kilimani, kimefungwa kiumbe kinachonena. Vikongwe wanataka kitokomezwe. Chenyewe kinaomba kifunguliwe, kikidai kwamba wale watoto wataliwa na vikongwe na kwamba kikiwa huru kitawaokoa. Je, kinasema kweli? Mchezaji hajui. Hapana alama ya kumwonyesha, wala mzee wa kumnong'oneza. Akikifungua, yatima wanaokoka. Lakini kijiji cha jirani kinateketezwa, vikongwe wanamlaani Anna, Anna anakufa, na Baroni anajinyonga. Akikiua, yatima hawaonekani tena, Anna anabaki hai lakini amerukwa na akili, na Baroni anaondoka naye kwenda milimani kumtafutia mganga. Katika njia hizo mbili hapana hata moja inayowaokoa wote. Tena matokeo hayaji papo hapo. Mchezaji hukata shauri, akaendelea na safari, na baadaye anaporudi kwenye boma la Baroni ndipo anapoyakuta yaliyotendeka, maiti inaning'inia mtini, na hana njia ya kuyarudisha nyuma isipokuwa kufuta saa nyingi za safari yake.

Sasa wasikilize wachezaji wanaposimuliana kisa hiki, hasa wewe mwalimu wa sarufi. Hawasemi, "Geralt alikifungua kile kiumbe." Husema, "Nilikifungua." Mmoja husema, "Niliwaokoa watoto nikamwua Baroni." Mwenzake hujibu, "Mimi sikukiamini, nikakiua, na mpaka leo nawafikiria wale watoto." Kiambishi cha nafsi kimehama. Katika riwaya mzigo wa tendo hubebwa na a-, yaani mhusika. Msomaji humtazama kwa mbali au kwa karibu, lakini humtazama. Katika mchezo wa namna hii mzigo umetua juu ya ni-. Wala sisemi kwamba hiyo inaufanya mchezo uwe bora kuliko riwaya. Nasema kwamba ni jambo zito kwa mtu kusema "niliua" juu ya kitu cha kubuni, akanyamaza kidogo baada ya kusema hivyo. Mwalimu wa fasihi anayesikia ukimya ule na kuuita upuuzi ameshindwa kuitambua fasihi ilipomfikia mtu.

Na sasa msikilize mchezaji aliyetumia mwongozo. Miongozo hii imejaa kila pembe: imeandikwa hatua kwa hatua, imepigiwa picha, imepangiwa orodha ya "chaguo sahihi". Mwenye kuitumia husema, "Ukifanya hivi, unapata mwisho mzuri." Ni- imetoweka, imekuja u-, ile nafsi ya mapishi na maagizo ya dawa. Ukimwuliza kwa nini alikifungua kiumbe, atakuambia ni kwa sababu wamesema. Nani wamesema? Hajui. Alipita katika kinamasi kile kile, akaliona boma lile lile, akasikia sauti zile zile, lakini hakuwahi kusimama mbele ya mti akiwa hajui la kufanya. Na kusimama pale ukiwa hujui ndiko kisa chenyewe. Aliyelipata jibu kabla ya kufika kilimani amekiona kisa kwa macho, lakini hakikumfika.

Uharibifu huu unaonekana vizuri zaidi katika mwisho wa mchezo. Hatima ya Ciri haiamuliwi na upanga. Inaamuliwa na mambo madogo ambayo mchezaji huyakuta akidhani ni mapumziko baina ya vita. Baada ya msiba mkubwa Ciri ameketi na huzuni yake. Geralt anaweza kumwambia kwamba si lazima aweze kila kitu, wakanywa. Au anaweza kumtupia donge la theluji, wakakimbizana kama watoto. Ciri anapokwenda kukabili baraza la wachawi wa kike, Geralt anaweza kuingia naye ili amlinde, au kumwacha aingie peke yake. Anapotaka kuvunjavunja vyombo vya bwana aliyemficha mambo, anaweza kumzuia au kumwacha atoe hasira zake. Anapoomba wasimame kwenye kaburi la kijana aliyemsaidia, anaweza kumharakisha au kwenda naye. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwamba ni zito. Mwishoni mchezo huyajumlisha. Kijana aliyeaminiwa hurudi kutoka katika hatari yake ya mwisho. Aliyebanwa kwa jina la kulindwa harudi.

Wako wachezaji waliofika mwisho huo wa majonzi wakauliza kosa lao lilikuwa wapi, maana kila walilofanya walilifanya kwa mapenzi. Walimlinda. Walimtuliza. Walimwambia asijisumbue. Kwa mzazi au mwalimu yeyote hilo ni swali la kumnyima usingizi, nalo halikuletwa na hotuba. Limeletwa na saa 50 za kumtafuta mtoto na dakika chache za kutomsikiliza. Lakini mwenye mwongozo hana swali hilo. Yeye ameambiwa mapema, "Mtupie theluji." Naye anatupa. Anatupa kwa hesabu, kama mtu anayeweka shilingi katika mashine. Ametimiza sharti la kumwamini mtoto bila ya kumwamini hata kidogo, akapewa ule uitwao mwisho mzuri, na mwisho huo haukumfundisha kitu. Namwona kuwa maskini kuliko yule aliyeukuta mwisho wa majonzi kwa miguu yake mwenyewe.

Haki inanitaka niseme kwamba watengenezaji wenyewe hawana mikono mitupu. Katika mchezo huu huu, pembeni mwa kioo pana ramani ndogo ya duara, na juu yake mstari wa nukta unaomwonyesha mchezaji wapi pa kupita. Anayezifuata nukta huvuka Velen yote akiitazama ile duara, wala haoni misitu, mashamba yaliyochomwa wala miili iliyotundikwa mitini. Ramani hiyo inaweza kuzimwa, na anayeizima huanza kutazama njia. Haikuwa hivi daima. Mwaka 2002 ulitolewa mchezo wa Kimarekani uitwao The Elder Scrolls III: Morrowind, ambamo hapakuwa na mshale wala nukta za kumpeleka mtu kwenye jambo alilotumwa. Wahusika walimweleza mchezaji njia kwa maneno yaliyoandikwa: toka mjini, ufuate barabara, ukifika mahali fulani upinde. Ilimlazimu asome, aelewe, akumbuke, na mara nyingi apotee. Mchezo uliofuata katika mfululizo huo, mwaka 2006, ulimwekea mshale wa dira. Tangu hapo wengi hawasomi tena maelezo ya njia, kwa sababu mshale unajua. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Aliyeuleta mshale alimwondolea mchezaji taabu ya kupotea, akamwondolea na kujua.

Naona baadhi ya walimu wenzangu wanatikisa vichwa kwa kuridhika: naam, vijana wa siku hizi ni wavivu. Basi na tuingie katika madarasa yetu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani, ambako kwa wanafunzi wengi ni lugha ya pili, ya tatu au ya nne, tunakijua vizuri kile kijitabu chembamba kiitwacho mwongozo. Ndani yake mna muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, dhamira zilizopangwa kwa namba, tamathali za usemi zilizokwisha kuchambuliwa, kisha maswali na majibu yake. Baadhi ya wanaoviandika ni walimu wenzetu. Baadhi yetu twavileta darasani mkononi, ilhali riwaya yenyewe imebaki kabatini. Tunawaimlisha wanafunzi: dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huo ndio mstari wa nukta juu ya ramani ndogo. Huo ndio mshale wa dira. Na tuliuchora kwa mkono wetu.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Zakaria ni baba mlevi na mkali, anayewatesa mkewe Regina na binti zake kwa jina la malezi. Rosa anakua katika woga wa baba, na anapotoka chini ya macho yake hana silaha yoyote ya kujiongoza. Mwisho wake ni kujiua. Msomaji wa makala haya ameona tayari jinsi Zakaria na yule Baroni wa Velen wanavyofanana, na jinsi Rosa na Ciri wanavyoulizana swali moja: mtoto aliyebanwa atajifunza lini kusimama? Sasa mpe mwanafunzi mwongozo. Ataandika, "Zakaria ni mlevi. Zakaria ni mkatili. Zakaria amechangia kuharibika kwa Rosa." Atapata alama tatu. Lakini je, amewahi kukaa na Regina akimsubiri mume arudi kutoka pombeni? Amewahi kumlaumu Rosa katika sura moja, akaionea haya lawama yake katika sura nyingine? Hakuwahi. Aliambiwa tangu mwanzo kwamba Rosa ataharibikiwa, na kwa nini. Alikwenda mazishini bila ya kumjua marehemu.

Ndiyo maana nasema tusimcheke mchezaji. Yule anayekesha akijiuliza amfungue kiumbe au amwue anafanya, bila ya kutumwa na mtu, kazi ambayo sisi tumeshindwa kuwafanyisha wanafunzi wetu kwa mshahara na kwa kengele. Na yule mwenye mwongozo si mtu aliyepotoshwa na mashine. Huenda alifunzwa shuleni kwamba kila hadithi ina majibu nyuma yake, na kwamba mwenye akili huanza huko.

Nitajibiwa, na majibu ninayajua.

Watasema kwanza kwamba vitabu ni haba. Darasa lenye wanafunzi 80 lina nakala nne za riwaya, na mwongozo ni wa bei nafuu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala sitaikejeli. Lakini ziangalie njia tulizo nazo. Hadithi ilisimuliwa kwa vinywa karne nyingi kabla ya kuchapishwa. Nakala moja na sauti ya mwalimu vyatosha kwa watu 80. Nakala 80 za mwongozo hazitoshi kwa mtu mmoja, kwa sababu hadithi haimo.

Watasema pili kwamba lugha ya riwaya ni ngumu kwa wageni wa lugha. Ni kweli, na kwa hiyo tuna kamusi, na tuna sherehe ya maneno magumu mwishoni mwa vitabu vingi. Hizo hazigombani na hadithi. Anayekuambia maana ya neno amekupa fimbo ya kutembelea. Anayekuambia maana ya kitabu amekuzuia kutembea. Hata katika mchezo wa video simlaumu mtu aliyetafuta msaada kwa sababu amekwama mlangoni au chombo kimeharibika. Namlaumu aliyeuliza amhurumie nani.

Watasema tatu kwamba maisha ni mafupi. Mtu mwenye kazi na watoto hana saa 100 za kucheza mara mbili, na hivyo anataka mwisho mzuri kwa mara yake moja. Nami najibu kwamba sababu hiyo inaniunga mkono. Maadamu utapita mara moja tu, kwa nini upite katika nyayo za mtu mwingine? Hakuna aliyewahi kuyaishi maisha yake mara mbili ili achague vizuri zaidi, na hadithi zina faida kwetu kwa sababu zinatuzoeza hali hiyo.

Watasema nne, na hili ndilo kubwa, kwamba mtihani unataka majibu. Hapo nakubali kabisa, na hapo ndipo ninapoelekeza shutuma zangu. Mtihani unaouliza, "Taja sifa tano za mhusika," ni mtihani uliotungwa kwa ajili ya mwongozo, na mwongozo ukaandikwa kwa ajili yake. Vinalishana, na riwaya inakufa njaa katikati. Mtahini anayetunga swali la namna hiyo asimlaumu mtahiniwa kwa kukariri. Yeye ndiye aliyechora mstari wa nukta.

Basi napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha wala waraka kutoka juu.

La kwanza, maswali yatungwe ambayo mwongozo hauwezi kuyajibu. Mwulize mwanafunzi ni katika ukurasa upi alianza kumchoka Zakaria, na ni lipi lililomchosha. Mwulize angekuwa Regina angefanya nini usiku fulani, na angelipa gharama gani. Jibu la swali hilo haliuzwi dukani.

La pili, mwalimu asome kwa sauti, asimame kabla ya zamu ya kisa, aseme, "Tega." Kila mmoja aandike sentensi moja juu ya litakalotokea, na ya pili juu ya linalopasa kutokea, na asiifute. Baada ya hapo kisa kiendelee. Watakosea. Watachekana. Na mwongozo, kama lazima uwepo, uje siku ya mwisho, baada ya mji kutolewa.

La tatu linawahusu wanafunzi wetu wa vyuoni na wenzetu watu wazima wanaojifunza lugha hii. Anayecheza michezo ya namna hii aambiwe aisimulie safari yake kwa Kiswahili mbele ya wenzake, kwa ni-, tangu kinamasini hadi kwenye boma la Baroni, akieleza kwa nini alichagua alivyochagua. Maandishi ya mchezo huu yametolewa katika lugha zaidi ya 10, Kiarabu na Kituruki zikiwemo, Kiswahili hakimo. Wengi watalisikitikia hilo, na mimi ni mmoja wao. Lakini kwa leo ukosefu huo una faida moja. Atakayekisimulia kisa kile kwa Kiswahili atalazimika kulitafutia jina zimwi la kichanga, kuupata msamiati wa kinamasi na wa majuto, na kuchagua kati ya huzuni, simanzi na majonzi, na katika kazi hiyo hapana aliyemtangulia. Hapana mwongozo. Hatuna zoezi la insha lililo bora kuliko hilo, na tunalikataa kwa sababu tu limetoka kwenye kioo.

Walimu wenzangu, mwaka wa mtihani u karibu kila mwaka, na vijitabu vile vyembamba vinaendelea kuchapishwa. Tunaweza kuendelea kuvigawa, kisha tukakutana katika mikutano yetu kulalamika kwamba vijana hawasomi. Au tunaweza kuifunga ile ramani ndogo, tukawaacha wapotee kidogo mbele ya macho yetu. Atakayeshindwa kabisa atasema ameshindwa, na hapo tutamjibu kama tulivyojibiwa sisi: nipe mji.